Mpira Wangu Umepakwa Samli

Ijumaa, mwezi wa nane. Gendabi.

Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na mlima umejifunika wingu kichwani kama kawaida yake majira haya. Ni baridi ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili hata chai ikiwa imeisha.

Naandika nikiwa jikoni, maji ya ugali bado hayajachemka. Mikono yangu inanuka spiriti na samli kwa pamoja. Leo nimekasirika, nimelia kidogo nyuma ya zizi, nimecheka, halafu nikajivuna. Naandika sasa kabla hasira haijasahaulika, maana nikiandika kesho nitajifanya nilikuwa mpole tangu mwanzo.

Sikuwa mpole.

Kwa mnaofika hapa mara ya kwanza: mimi ni Mama Ester, nina duka dogo la dawa za mifugo hapa Gendabi. Nimezaliwa Bashay, kwetu ni wakulima, jembe nililijua kabla ya kalamu. Nimeolewa huku kwa wafugaji. Na ninacheza boling. Ndiyo, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kwenye njia ndefu ya mbao ili kuangusha pini zilizosimama kule mwisho. Mara moja kwa mwezi nasafiri kwenda Arusha kuchezea timu yangu, halafu narudi kuuza dawa ya kupe.

Najua inachekesha. Hata mimi nimewahi kusimama zizini na kucheka peke yangu.

Mchezo niliupata nikiwa msichana. Nilikwenda Arusha kutafuta kazi, nikaipata kwenye ukumbi wa boling, kazi ya kupokea viatu vya wateja na kuwapa viatu vya ukumbi. Nilinusa soksi za watu wa kila aina. Jioni wateja wakiondoka, sisi wafanyakazi tulicheza, na siku moja pini zote zikaanguka kwa mkono wangu kwa kishindo ambacho mpaka leo nikikikumbuka mwili unasisimka. Nikaingia kwenye timu. Nilipoolewa, wenzangu walinichangia zawadi. Wanawake wengine hupewa masufuria. Mimi nilipewa mpira wa boling, wa bluu iliyokolea yenye michirizi myeupe, uliotobolewa matundu kwa kipimo cha vidole vyangu mwenyewe. Niliingia nao huku Gendabi nikiwa bibi harusi, nimeufunga kwenye kanga.

Sasa, jambo lenyewe. Njia ya boling hupakwa mafuta, mafuta mepesi ambayo huyaoni kwa macho. Mpira mzuri una ngozi yenye vitundu vidogo sana, ndiyo maana unashika njia na kukata kona karibu na pini. Lakini ngozi hiyo hiyo hunywa mafuta. Kila mchezo mpira unakunywa kidogo, na ukishashiba haukati kona tena. Unakwenda moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona maji.

Mwezi uliopita mpira wangu ulikuwa umeshiba. Nilitupa vizuri, mkono ulikuwa mzuri, na mpira ukapita pembeni ya pini mara kwa mara huku wenzangu wakitazama viatu vyao. Dada Rehema, nahodha wetu, alinivuta kando baada ya mchezo. Ni mtu wa haki na hana maneno mengi.

"Mpira wako umejaa mafuta, mdogo wangu. Jumapili ijayo ya mashindano nitaupitishia mkono kabla hujacheza. Ukiwa hivi, nafasi yako nampa mwingine. Kuna binti hapa mjini anaisubiri."

Mipira ya ukumbi ni migumu, haikati kona, na matundu yake hayamfai mtu yeyote. Bila mpira wangu mimi si mchezaji, ni mama aliyesafiri mbali kuja kuvaa viatu vya watu.

Jumapili yenyewe ni keshokutwa. Basi langu ni kesho alfajiri.

Wiki hii yote nimekuwa nikiusafisha. Mjini wanazo mashine za kuupasha joto mpira mpaka ujitoe mafuta. Mimi nina ndoo. Nitawaambia ninavyofanya, kwa sababu kuna msomaji mmoja aliniuliza na nikamjibu kwa mkato, na kwa sababu, niseme ukweli, napenda kujisifu juu ya hili.

Kwanza naziba matundu ya vidole kwa plasta ya vidonda, ile ya dukani kwangu, maji yasiingie ndani. Nachemsha maji, nayapooza kwa maji ya baridi mpaka mkono uweze kukaa humo kwa shida kidogo. Yakiwa ya moto kupita hapo mpira unapasuka, na mpira uliopasuka hauna fundi. Siku za mwanzo nilijaribu kupima kwa kipimajoto cha ng'ombe, kikavunjika, nikajifunza kuuamini mkono wangu. Naweka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nautumbukiza mpira, nasubiri. Baada ya muda unaona utando juu ya maji, unang'aa rangi rangi. Hayo ndiyo mafuta yanatoka. Natoa mpira, nafuta, nabadilisha maji, narudia. Mwisho naupangusa kwa spiriti nikiwa nje, mbali na moto, kisha nauweka juu ya ngata ili usiviringike. Ngata ile ile ninayotumia kubebea ndoo kichwani. Hakuna kitu kinachoushika mpira wa boling vizuri kuliko ngata, na nikifika Arusha huwa naitoa kwenye mfuko bila aibu mbele ya wenzangu wenye vikalio vya plastiki.

Kuna jambo la kuchekesha zaidi. Mpira wangu ni mwepesi kidogo kuliko ya wanaume, karibu kilo tano, na kwenye maji unaelea. Mara ya kwanza mama mkwe alipouona unaelea kwenye ndoo alisimama akatazama muda mrefu. Akasema, "Hili jiwe ni la uongo," akaenda zake.

Hayo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote juu ya mpira wangu tangu niolewe.

Nieleze kidogo kuhusu mama mkwe. Ni mwanamke mrefu, mnyamavu, wa familia ya ng'ombe tangu enzi na enzi. Hajawahi kunifokea. Hajawahi pia kuugusa mpira. Anapofagia chumba anafagia kuuzunguka. Akiuzungumzia anasema "kile kitu". Ninapokwenda Arusha, jirani wakimwuliza mke wa mwanao kaenda wapi, anajibu neno moja: "Kazini." Nimemsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa najiambia haidhuru, mtu mzima ana haki ya kutoelewa kitu. Lakini ilikuwa inaniuma. Mtu akificha unakokwenda ni kama amekuonea haya.

Jana jioni mpira ulikuwa tayari. Nimfahamishe na msomaji: mpira msafi haung'ai. Ukitoka mafuta yote unapauka, unakuwa kama mguu wa mtoto aliyecheza vumbini. Nilipouona umepauka vile nilifurahi sana. Niliupapasa, ukashika kiganja. Nikauweka juu ya ngata, kwenye pembe ya chumba, nikalala nikiwa na amani.

Leo asubuhi nikamwamkia mama mkwe, shikamoo mama, marahaba, nikaenda kufungua duka. Mume wangu yuko mbali na ng'ombe, nyasi za karibu zimeisha. Mwanangu Ester yuko Bashay kwa bibi yake, anakula viazi. Nyumbani alibaki mama mkwe peke yake.

Mchana nilifunga duka mapema nirudi kufunga mizigo.

Nikaingia chumbani, mpira haupo kwenye pembe. Nikatoka, nikaenda chumba cha mama. Alikuwa amekaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe. Mbele yake kuna kigoda chake, kile ambacho hata mume wangu hakalii, na juu ya kigoda ameweka ngata, na juu ya ngata upo mpira wangu.

Unang'aa kama jicho la ndama.

Nilijua kabla sijausogelea. Harufu ilikuwa imeshanifikia mlangoni, harufu ya samli ya kibuyu yenye moshi ndani yake. Ameupaka samli. Mpira mzima, juu, chini, kuzunguka, kwa uangalifu wa mtu anayepaka kichwa cha mtoto mchanga. Hata kwenye midomo ya matundu ya vidole palikuwa pameloa.

Kazi ya wiki nzima.

Nadhani nilisema "Oh, mama," kwa sauti ndogo, nikageuka nikatoka. Nikaenda nyuma ya zizi, nikashika mti wa ua kwa mikono yote miwili, nikalia machozi ya hasira. Nilikuwa na maneno mabaya kichwani, siyaandiki hapa. Mojawapo lilikuwa kwamba amefanya makusudi. Kwamba hakuwahi kuutaka mpira na sasa amepata njia.

Nikakaa hapo mpaka upepo ukanikausha uso. Na nilipotulia nikaanza kufikiri, jambo ambalo ningelifanya mwanzo kama nisingekuwa mimi.

Huku nilikoolewa, kitu kikioshwa hakiachwi kikavu. Kibuyu kikishafukizwa na kusafishwa, kinapakwa samli, la sivyo kitapasuka. Ngozi inapakwa. Kigoda kinapakwa. Mtoto akiogeshwa anapakwa kichwani. Kitu kilichopauka ni kitu ambacho mwenyewe hakitunzi, na nyumba yenye vitu vilivyopauka ina mwanamke mvivu. Hata kwetu Bashay tunatunza vibuyu, lakini huku ni zaidi ya kutunza. Mtu anayekwenda kwenye jambo kubwa anapakwa samli na mzazi wake kabla hajatoka. Mume wangu alipakwa asubuhi ya harusi yetu. Nilimwona, kichwa kikimeremeta, nikamcheka, akaniambia siku moja na wewe utapakwa, subiri.

Sikuwahi kupakwa.

Na jambo jingine likanijia. Ni mwezi wa nane. Ng'ombe wamekonda, maziwa yanayopatikana hayatoshi chai. Samli iliyokuwemo kwenye kile kibuyu kidogo ni ya tangu mvua, ameibania miezi yote hii, kwenye chakula haionekani. Mwanamke ambaye hataki mpira wangu hawezi kuutolea samli ya mwisho.

Hapo nikawa na shida mpya, na ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Mpira ukienda hivi, Dada Rehema atapitisha mkono na mimi nitakaa benchi, pengine moja kwa moja. Lakini nikiutoa samli, nitakuwa nimefuta alichokipaka mzazi. Nani anafanya hivyo? Nikafikiria kungoja atoke kwenda kuwaangalia mbuzi, nichemshe maji upesi upesi, niuoshe, niufunge kwenye kanga, asijue. Angebaki na furaha yake nami ningebaki na mpira wangu.

Mpango huo ulinipendeza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kilichonizuia ni lile neno lake, "Kazini." Miaka yote nimeumia kwa kufichwa. Nikajiona na mimi ninakwenda kumficha.

Nikarudi ndani. Nikakaa chini mbele yake, chini kabisa, kwenye udongo, siyo kwenye ngozi. Nitaandika tulivyosema kwa sababu sitaki kusahau.

"Mama, asante. Umeupendezesha sana."

"Ulikuwa umepauka," akasema. "Umeuosha, umeuosha, hukuupaka. Nikasema huyu amechoka na duka, amesahau."

"Sikusahau mama. Mpira huu ni tofauti na kibuyu. Ukiwa na mafuta unateleza, hauangushi kitu. Wiki nzima nilikuwa natoa mafuta."

Akautazama mpira, akautazama mkono wake ambao bado ulikuwa unang'aa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Basi nimekuharibia," akasema.

"Hapana, mama. Yatatoka. Nina maji, nina sabuni."

"Baba Ester alisema watu wa Arusha watakunyang'anya nafasi. Alisema kabla ya kwenda na ng'ombe. Nikasema hawawezi kumnyang'anya mtoto wangu. Nikasema aende amepakwa. Wewe hukuwepo, nikapaka hiki kitu chako."

Mtoto wangu. Sijawahi kuitwa hivyo na yeye. Huwa naitwa Mama Ester, au naitwa mke wa fulani, au siitwi. Nililia tena, hapo hapo, mbele yake, bila zizi la kujificha nyuma yake. Yeye akangoja nimalize kama anavyongoja ng'ombe amalize kunywa. Kisha akainuka, akaenda kupuliza moto.

Tuliuosha pamoja. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ningependa kuiandika kwa kurasa na kurasa, lakini maji ya ugali yameanza kulia.

Nikaziba matundu kwa plasta baada ya kuyafuta kwa spiriti. Mama akaleta sufuria likiwa linatokota, akataka kumimina lote kwenye ndoo, kwa haraka ya mtu anayetaka kurekebisha. Nikamshika mkono. Tukapooza maji pamoja, yeye akiingiza mkono, mimi nikiingiza mkono, tukibishana. Mkono wake umezoea moto kuliko wangu, nikimsikiliza mpira utapasuka. Nikamwambia, "Mama, wako ni mkono wa chuma, tutumie wangu," akacheka. Nimeishi naye miaka yote hii na sikujua kwamba ana pengo la jino huku pembeni. Anapocheka hufunika mdomo, leo mikono ilikuwa majini.

Mpira ukaelea. Yeye akawa anaugeuza, pole pole, kila upande upate maji. Samli ikaanza kujitoa, vijiduara vya njano juu ya maji. Niliona anavitazama vinavyotoka na nikajua anawaza nini, samli ile yote. Nikasema pole mama. Akasema hata mboga inamwagika, endelea. Tukamwaga maji, tukaweka mengine. Tukafuta kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa, tukaanza tena.

Samli ya juu hutoka upesi. Iliyoingia ndani ndiyo yenye ukaidi. Nilikuwa naogopa ukaidi huo kuliko kitu chochote. Macho hayawezi kuiona, na kidole chenye maji kinadanganya.

Lakini nina kipimo changu, na hiki nimekibuni mwenyewe, sijakisikia kwa mtu yeyote Arusha. Nachukua karatasi nyepesi ya kufungia maandazi. Mpira ukishakauka naupasha kidogo kwenye jua, naukandamizia karatasi kwa kiganja, naibandua, naishika mbele ya mwanga. Kama kuna mafuta, karatasi inaonyesha ng'ambo pale ilipogusa. Kila mtu aliyewahi kula andazi anajua ninachosema.

Karatasi ya kwanza nilimpa mama. Akasimama mlangoni, akaiinua kwenye mwanga.

"Naona zizi," akasema.

Tukarudi kwenye ndoo. Karatasi nyingine. Akaona zizi tena, ila kwa ukungu. Tukarudi. Nikapangusa kwa spiriti nje, upepo ukiikausha kabla kitambaa hakijamaliza mzunguko. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa mlima na mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu kuni. Jirani mmoja akapita, mama mtu mzima, akasimama kwenye ua akatuona, wanawake wawili na ndoo na kitu cha bluu kinachoelea. Akamsalimu mama mkwe kwa lugha yao, wakaulizana habari za nyumba na mifugo mpaka zikaisha, kisha akauliza tunafanya nini.

Lugha yao naisikia vizuri sasa, kuongea ndiyo nakwama. Mama mkwe hakuacha kuugeuza mpira. Alisema: huu ni mpira wa mkwe wangu. Anacheza Arusha. Jumapili ana mashindano.

Jirani akasema, si ulisema anakwenda kazini?

Mama akasema, hii ndiyo kazi yenyewe, wewe huoni tunavyotoka jasho?

Nikainamisha kichwa kwenye ndoo nikajifanya natafuta sabuni.

Karatasi ya mwisho ilibanduka kavu kabisa. Mama akaiinua mlangoni, akaigeuza, akaigeuza tena. Akanipa nami niitazame. Akasema, "Sioni kitu." Alisema hivyo kwa fahari kama ametangaza kuzaliwa kwa mtu. Nikapitisha kiganja kwenye mpira, ukakishika. Umepauka. Umepauka vizuri kuliko jana, nadhani, na ukisogeza pua karibu sana kuna harufu ya moshi kwa mbali, sijui kama ni kweli au ni pua yangu inataka iwe kweli.

Nimeiweka ile karatasi kwenye mfuko wa safari. Dada Rehema akipitisha mkono na akitia shaka, nitamwonyesha kipimo cha Gendabi.

Nilidhani tumemaliza. Nikaufunga mpira kwenye kanga, ngata juu yake, nikafunga mfuko. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kile kibuyu kidogo. Amekikwangua ndani kwa kijiti mpaka chini. Kwenye kidole chake kulikuwa na samli kidogo, yote iliyobaki katika nyumba hii.

"Mpira hautaki mafuta," akasema. "Na wewe pia hutaki?"

Nikapiga magoti.

Akanipaka kuanzia kwenye paji la uso, juu ya utosi, mpaka kisogoni. Alisema maneno ambayo sikuyaelewa yote, na niliyoyaelewa ni ya kwetu sisi wawili. Kidole chake kilikuwa na joto la maji tuliyokuwa tunabishania. Sikulia. Nilikuwa nimeshalia vya kutosha kwa siku moja, na isitoshe nilikuwa najaribu kutotikisika.

Sasa maji yanachemka kweli, lazima nisonge. Kichwa kinanukia samli mpaka paka ananifuata. Kesho kwenye basi nitaacha doa kwenye kioo, watu watasema huyu mama kapaka nini. Itabidi nivae kilemba ili nisijisahau nikagusa nywele kisha nikashika mpira, maana hapo kazi yote ya leo itakuwa bure na mama mkwe hatanisamehe.

Sijui kama Jumapili nitaangusha pini. Yule binti wa mjini ana mkono mzuri, nimemwona, na pengine mpira wake ni mpya. Nafasi ni ya timu, Dada Rehema ataamua, na nitakubali.

Ila mama ameniuliza sasa hivi, kutoka nje, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, mashindano yanaanza saa ngapi, ili wakati huo yeye akae kwenye kigoda chake atulie. Nimemwambia saa nne asubuhi. Amesema basi mbuzi watasubiri.